Mzigo wa Umeme na Mzigo wa Ndizi: Uhakiki wa Istilahi za Taa za Pikipiki

Wahakiki wa istilahi aghalabu hushughulika na vitabu vikubwa: kamusi, sheria, mihtasari ya masomo. Katika makala haya tumeonelea tuhakiki karatasi isiyozidi ukurasa mmoja. Ni maelekezo ya Kiswahili yaliyofungwa pamoja na taa za LED za pikipiki, zile ambazo madereva huziita indiketa. Karatasi hiyo ilitufikia kutoka Nkunga, kata iliyomo katika Wilaya ya Rungwe, ikiwa imekunjwa mara nne na imelowa grisi. Aliyeichapisha hatumtaji, kwani lengo letu si kumshitaki mtu. Mfasiri wake, kwa jinsi sarufi yake inavyojidhihirisha, anakijua Kiswahili barabara: upatanisho ni sahihi, sentensi ni fupi, na tahajia haina dosari. Ndiyo maana kazi yake yafaa kuchunguzwa. Makosa ya mtu asiyeijua lugha hayana mengi ya kutufunza. Makosa ya mtu anayeijua lugha, lakini haijui kazi anayoielezea, ndiyo yanayotuhusu sisi watumishi wa istilahi.

Kwanza yapasa ieleweke kifaa chenyewe kinafanyaje kazi, maana bila ya hilo hatuwezi kupima neno lolote. Pikipiki nyingi ndogo zinazobeba abiria nchini hutumia umeme wa volti 12. Indiketa zake za asili ni balbu zenye uzi ndani, mathalani za wati 10 kila moja. Dereva akiashiria kwenda kulia, balbu mbili huwaka kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma, nazo huvuta umeme wa ampea 1.7 hivi. Baina ya betri na balbu hizo pana kidude kidogo kinachokata na kuunga umeme ili taa zipepese. Mafundi hukiita flasha. Flasha za mtindo wa zamani huutegemea umeme uleule unaokwenda kwenye taa: katika aina mojawapo, ukanda wa metali hupata joto, hujipinda, hukata umeme, kisha hupoa na kuunga tena. Katika aina nyingine kifaa kimetengenezwa makusudi kipepese haraka mno balbu moja inapoungua, ili dereva atambue.

Sasa, taa ya LED hutoa nuru nyingi kwa umeme mchache. Taa mbili za namna hiyo huenda zisivute hata ampea 0.4. Flasha ya aina ya kwanza haipati joto la kutosha, kwa hiyo taa huwaka bila kupepesa, au hupepesa kwa uvivu. Flasha ya aina ya pili hudhani balbu imeungua, nayo hupepesa kama mwenye homa, kupita kiwango cha mara 60 hadi 120 kwa dakika kilichowekwa katika kanuni za kimataifa. Taa ni nzima, betri ni nzima, waya ni nzima. Kilichobadilika ni kiasi cha umeme kinacholiwa.

Hapo ndipo karatasi yetu inapoingia na neno lake la kwanza. Inaeleza kwamba taa zitapepesa upesi kupita kiasi endapo “mzigo” ni mdogo, na kwamba dawa yake ni kuongeza mzigo. Nkunga ni nchi ya migomba. Bodaboda wa huko hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, madumu ya maziwa na, Mungu akijalia, abiria wawili juu yake. Kwa msomaji wa namna hiyo, maelekezo haya hayana utata hata chembe: pikipiki tupu hupepesa upesi, basi ipakie. Fundi mmoja wa huko alitueleza kwamba mteja wake alirudi akilalamika kuwa amepakia mikungu miwili na taa hazikubadilika. Tulicheka, lakini tulicheka isivyo haki. Mteja yule alisoma Kiswahili kama Kiswahili. Neno lisiloeleweka humsimamisha msomaji akauliza. Hili lilieleweka, likamruhusu aendelee na safari.

Tumekuwa tukifundishana kwa miaka mingi utaratibu wa kutafuta istilahi: tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwenye lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na ndipo tukope kutoka ng’ambo. Utaratibu huu ni mzuri, nasi hatuupingi. Lakini aghalabu umeeleweka kana kwamba unahusu sauti za neno tu. Mfasiri wetu bila shaka alijipongeza kwa kuliacha neno la kigeni na kushika neno la Kibantu safi, mzigo. La hasha! Alichokifanya ni kuchukua wazo la Kiingereza pamoja na sitiari yake na kulivika kanga. Wazungu waliamua kuufananisha umeme unaotumika na shehena. Hiyo ni sitiari yao. Sisi tulikwisha kuwa na sitiari yetu, na kila aliyemiliki chombo cha moto anaitumia: gari hili linakula mafuta, taa hii inakula umeme. Fundi wa Nkunga, alipotueleza tatizo lilelile, alisema kwa maneno machache kwamba LED hazili umeme, kwa hiyo flasha haishibi. Hatujaona bado maelezo bora zaidi ya jambo hili katika lugha yoyote.

Huenda wahandisi wakizungumza wao kwa wao wakatumia neno mzigo na wakaelewana. Hatuna ugomvi nao. Karatasi hii, hata hivyo, haikuandikwa kwa ajili ya wahandisi.

Neno la pili ni flasha yenyewe. Mfasiri ameikataa, ameweka mahali pake “kimulika”. Lakini kumulika ni kutoa nuru, na kidude hiki hakitoi nuru yoyote. Hukaa gizani chini ya kiti kikatoa mlio wa tik-tik. Mtu akienda katika duka la vipuri Tukuyu mjini akaomba kimulika, atapewa taa, pengine hata tochi. Akiomba flasha atapewa kitu alichokifuata. Baadhi ya wenzetu watahoji kwamba flasha ni neno la kukopa, na tena linakaribiana mno na flashi, kile kijiti cha kuhifadhia kazi za kompyuta. Ni kweli. Lakini nani amewahi kwenda kwa fundi wa pikipiki akauziwa kijiti cha kompyuta? Breki, gia, betri na pancha nazo zilikopwa, zikaingia gereji kwanza na kamusi baadaye, na leo hakuna anayeziona kuwa wageni. Hata pikipiki haikutungwa na kamati yoyote. Ilitokana na mlio wa chombo chenyewe masikioni mwa watu.

Juu ya “ardhi” tutasema kidogo tu. Karatasi inaagiza waya mweusi uungwe na ardhi. Fundi husema ethi, naye anamaanisha chuma cha bodi ya pikipiki, si udongo wa Rungwe, ijapokuwa huo una rutuba sana. Katika nyaya za nyumba, fimbo kweli huchomekwa ardhini, na huko neno ardhi halina ubaya. Pikipiki haigusi ardhi ila kwa mpira.

Tufikie sasa sehemu iliyotushughulisha zaidi. Pikipiki nyingi zina taa moja ndogo katika dashibodi inayomjulisha dereva kwamba indiketa inafanya kazi, ya kulia au ya kushoto. Taa hiyo huwa imeungwa katikati ya waya wa kulia na waya wa kushoto. Umeme wa kushoto unapokuja, hupita katika taa ndogo, huvuka upande wa kulia, na kufika kwenye bodi kupitia balbu za kulia. Balbu za uzi haziwaki kwa sababu umeme uliovuka ni mdogo mno kwao. LED, kinyume chake, zinatosheka na huo mdogo. Matokeo yake dereva akiashiria kushoto, taa zote nne hupepesa kwa pamoja. Fundi asiyejua sababu atabadilisha swichi, kisha flasha, kisha swichi tena, na mteja atalipa kila mara.

Karatasi inalitaja tatizo hili, jambo la kusifiwa. Lakini taa za nje inaziita “viashiria”, na taa ya dashibodi nayo inaiita “kiashiria”. Kwa hiyo inapoagiza kwamba kiashiria kitenganishwe na viashiria, msomaji hana njia ya kujua kipi kikatwe kutoka kwa vipi. Juu ya hayo, neno “kizuizi” limetumika kwa vitu viwili: kile kinachopunguza mkondo wa umeme, na kile kinachouruhusu kupita upande mmoja tu. Cha kwanza mafundi wa redio hukiita rizista, na fizikia yetu ina mzizi mzuri wa ukinzani. Cha pili ni diodi. Dawa ya taa nne kupepesa kwa pamoja ni diodi mbili, moja kutoka kila upande zikielekea taa ya dashibodi, na mguu wa pili wa taa hiyo upelekwe kwenye bodi. Diodi ni kama vali ya tyubu: upepo huingia, haurudi. Mtu akifunga rizista mahali hapo, kwa kuwa zote mbili ni vizuizi, umeme utaendelea kuvuka kama kawaida. Kuhusu neno kizuizi lenyewe, bodaboda analijua vizuri, ila kwake ni mahali ambapo askari husimama.

Isidhaniwe kwamba twawasujudia mafundi. Msamiati wao una kasoro zake, na kubwa kuliko zote ni neno moto. Volti ni moto, ampea ni moto, wati ni moto. Waya wenye umeme ni waya wa moto. Betri dhaifu haina moto. Katika kutafuta waya uliokatika, neno hilo latosha. Katika kuchagua rizista halitoshi kabisa. Wapo wanaofunga rizista sambamba na kila taa ya LED ili flasha ya zamani ishibe. Njia hii inafanya kazi, lakini inautumia bure umeme uleule ambao LED zilikusudiwa kuuokoa, na kuugeuza kuwa joto. Rizista hiyo hupata moto wa kweli, wa kuunguza kidole na kuyeyusha plastiki. Fundi anayeambiwa kwamba rizista inakula moto hawezi kujua kama anaelezwa habari ya umeme au anaonywa. Hapo istilahi sanifu, yaani volti, ampea, wati na joto, kila moja mahali pake, ni za lazima, na mwalimu wa ufundi asiyezifundisha anamdhulumu mwanafunzi.

Kuna watakaouliza kama karatasi ya indiketa yastahili kurasa za jarida hili. Barabara kuu itokayo Uyole hupita Tukuyu ikaelekea Kasumulu, mpakani na Malawi, na malori hupita humo usiku na mchana. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini, na ukungu wake unafahamika. Kwa kuwa nchini kwetu tunaendesha kushoto, mwenye pikipiki anayekunja kulia hukatiza mbele ya magari yanayokuja. Taa zote nne zikipepesa, dereva wa lori lililo nyuma yake hajui kama anakunja kulia, anakunja kushoto, au amesimama.

Twapendekeza, basi, kwamba katika maandiko ya namna hii indiketa ibaki indiketa, flasha iwe flasha, na diodi iwe diodi. Taa ya dashibodi iitwe kwa jina hilohilo refu, maana urefu wake haumdhuru mtu. Na ethi iruhusiwe kusimama kando ya bodi mpaka litakapopatikana neno jingine. Rizista na kikinzani twaviacha vishindane. Kupepesa, ambako mfasiri amekutumia vyema toka mwanzo hadi mwisho, kuingizwe katika orodha bila mjadala.

Limebaki jambo moja dogo. Flasha ya kielektroniki isiyojali wingi wa umeme unaoliwa, ambayo ndiyo dawa nyepesi kuliko zote, mara nyingi huwa na miguu mitatu iliyochapwa herufi B, L na E: wa betri, wa taa na wa ethi. Mfasiri wetu, kwa uaminifu kwa Kiswahili, amezitafsiri pia herufi hizo, akaandika B, T na A. Fundi wa Nkunga alikigeuzageuza kifaa hicho mbele yetu akiitafuta T. Herufi zilizochapwa juu ya kifaa ni sehemu ya kifaa, nazo zinakiliwe kama zilivyo, maana yake ikiandikwa pembeni.