Mafundi wa Kupunguza Mzigo

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alibeba takriban frasila mbili, kama kilo 32. Akizidishiwa, aliweza kugoma. Waandishi wa programu nao wana frasila yao: mwaka 1976 Mmarekani Thomas McCabe alipendekeza kuhesabu njia zinazojitegemea zilizomo ndani ya kila kipande cha msimbo. Anza na 1, ongeza 1 kwa kila njia panda, yaani kila “kama”. Zikipita 10, gawanya.

Kazi hiyo haina shangwe.

Chukua DHIS2, mfumo wa mtandaoni ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, vya Tabora vikiwemo. Mifumo ya aina hii hukua kwa viraka. Kama mgonjwa ni mtoto. Kama ni mjamzito. Kama tarehe imeachwa wazi. “Kama” ndani ya “kama”, mpaka, tuseme, kipande kimoja kina njia 23 na hakuna anayethubutu kukigusa.

Fundi hakimbilii kufuta. Kwanza huandika majaribio yanayonasa tabia ya sasa, hata ile ya ajabu ajabu (mara nyingi kuna mtu anaitegemea). Ndipo huchomoa ukaguzi wa tarehe, akaupa jina lake, akaendesha majaribio, akachomoa mwingine. Jioni namba imeshuka hadi 7, na macho yanamuuma.

Muuguzi anayejaza fomu haoni badiliko lolote. Kitufe kiko palepale, rangi ileile. Ila siku chanjo mpya ikiongezwa, marekebisho huingia mahali pamoja tu.