Ukuta Unaosogea, na Mkono wa Kuusogeza

Juzi kijana jirani yangu alinionyesha kwenye simu video ya majengo ya Al Bahr, minara miwili ya Abu Dhabi iliyokamilika mwaka 2012. Kila mnara umevikwa vivuli zaidi ya 1,000 vinavyokunjuka na kujikunja kama miavuli, kufuata jua. Kompyuta ndiyo inayoamuru. Walioichora waliiga mashrabiya, yale madirisha ya mbao yenye matundu ya nyumba za Waarabu. Tuliitazama mara tatu. Sitasema ni upuuzi wa matajiri. Kule jua ni kali, na jengo la vioo lisilo na kivuli ni jiko.

Ila kuna swali ambalo video haikuuliza: aliye ndani akitaka kutazama nje saa sita mchana, anamwomba nani?

Paris walijaribu mapema zaidi. Mwaka 1987 ilifunguliwa Institut du Monde Arabe, iliyochorwa na Jean Nouvel na wenzake. Ukuta wake wa kusini una paneli 240, na ndani yake matundu ya chuma yanayojifunga na kujifungua kama jicho la kamera. Wageni walishangaa. Baadaye mengi yakakwama, yakabaki vile vile, jua liwake lisiwake. Ukuta wa mashini ukiharibika, unangoja fundi.

Hapa Rwanda tuna kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016. Usiku linawaka taa zinazobadilika rangi, mara nyingi zile za bendera: buluu, njano na kijani. Linapendeza kabisa. Lakini taa zile zinasema na sisi tunaopita barabarani. Aliye ndani hata hazioni.

Sasa tuje kwetu, Rubavu. Mama mmoja wa upande wetu, saa tatu asubuhi jua likianza kupasha, anainua shitingi yake kwa chini na kuifunga kwa kamba. Mvua ikija anashusha upande ule inakotokea tu, ule mwingine anauacha. Jioni baridi ikishuka, anafunga kote. Nikamwonyesha minara ya Abu Dhabi. Akacheka, akasema: “Bo beko na mashini. Siye tuko na mikono.”

Nilitaka kumalizia hapo, maana ni neno tamu. Lakini ndugu msomaji, ningekuwa nimesifia umaskini. Mikono inasaidia pale tu ukuta unaporuhusu.

Kabla ya hapo nililala miezi kadhaa kwenye hangari, familia nyingi chini ya paa moja. Shitingi ilikuwa imepigiliwa misumari toka juu mpaka chini. Saa sita watoto walilowa jasho. Alfajiri pumzi zetu zote zilikuwa zimegeuka maji kwenye plastiki, yakitudondokea. Mtoto wangu alikohoa wiki nzima. Niliomba dirisha, nikaambiwa kwenye mchoro halimo. Na kung'oa msumari ni kuharibu mali.

Hapo ndipo nilipoelewa jengo linalosikia ni lipi. Ni lile ambalo anayelala ndani anaweza kulibadilisha bila kuomba ruhusa. Kwa kipimo hicho, shitingi ya yule mama imewashinda Paris, na hangari yetu imeshindwa na wote.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaochora makazi yetu, na najua baadhi yenu mnasoma hapa: hatuombi kompyuta. Mkipigilia shitingi nyingine, acheni kipande kimoja kila upande bila misumari, hewa iingie huku na kutokea kule. Kipande kiwe na kamba. Na kamba iwe ndani, karibu na mkono wa mama mwenye mtoto anayekohoa.