Upekee wa Unyakyusa

Joseph Thomson aliposhuka milimani mwaka 1879 na kufika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, aliisifu nchi ya Wanyakyusa kana kwamba ni bustani ya washairi wa kale. Wenyeji wa Kyela hawakuikataa sifa hiyo. Nani akataaye kuambiwa kuwa kwao hakuna mfano? Walakini yafaa msomaji aikumbuke hali ya msafiri. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alikwisha kufa huko Behobeho, na kijana huyu wa miaka 21 alikuwa amewaongoza wapagazi mwendo mrefu. Migomba na nyumba safi humpendeza kila mchovu.

Hoja ya Monica Wilson ni nzito zaidi. Kitabu chake Good Company, kilichotolewa mwaka 1951, kimesimama juu ya neno moja la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kukaa na wenzi kwa furaha. Chaeleza jinsi wavulana walivyotoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaoa humo na kuzeeka humo pamoja na marika yao. Wamasai nao wana marika, lakini morani hazeeki katika manyata. Upekee, basi, upo. Ila msomaji asiye mwangalifu hukifunga kitabu akidhani kuwa umo katika damu ya watu, na hapo ndipo majivuno huanzia. Kijiji kipya chataka ardhi mpya. P. H. Gulliver alionyesha mwaka 1958 jinsi ardhi ilivyopungua na vijana wakaenda kutafuta kazi migodini, rika likatawanyika.

Tena, upekee huo ni wa nchi ipi? Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, wanakaa Wangonde, ambao lugha yao ni karibu moja na ya Kyela. Mpaka uliwekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na mto wenyewe huhama kwa mafuriko, usijali mkataba. Tofauti zilizokuwapo zilikuwa na sababu zake. Godfrey Wilson, mumewe Monica, alieleza mwaka 1939 kuwa Kyungu, mtawala wa Wangonde, alipata nguvu kwa biashara ya pembe za ndovu zilizovushwa ziwani. Upande wa kaskazini, ambako utajiri wa namna hiyo haukukusanyika mkononi mwa mtu mmoja, wana wa chifu waligawana nchi kila kizazi.