Chombo cha Dzombo

Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, husifiwa aghalabu kwa ajili ya sayari yake njema. Sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Nguvu ya kitabu imo katika nchi ambayo Dzombo anaiacha.

Dzombo amehukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Kwa watawala, anga ndiyo gereza na ardhi ndiyo uhuru. Kejeli ya Mkangi inaipindua hesabu hiyo: aliyefungiwa chomboni ndiye anayetoka kifungoni, na waliobaki chini ndio wafungwa. Mkangi, mtaalamu wa elimu ya jamii, aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986 bila ya kufikishwa mahakamani. Hakuibuni nchi hiyo kwa dhana tupu.

Kwa watu wa Shumba, kaskazini ya Pemba, chombo ni mashua na jahazi kabla ya kuwa kitu kingine. Januari 2001, maandamano yalipozimwa kwa risasi Zanzibar, watu zaidi ya 2,000 walikimbia, wengi wao kutoka Pemba, wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Msomaji wa huko haoni njozi katika safari ya Dzombo. Anajua kwamba bahari ile ile huwa ukuta asubuhi na njia usiku.

Ila ya kitabu huanza chombo kinapotua. Jina la sayari, yaani wale ni sisi, linaahidi kioo. Lakini wenyeji wake huhubiri mno, na Dzombo huuliza, hujibiwa, akaridhika. Wema usiopingwa haushawishi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, nchi nayo iko angani, na wajumbe wake wamo gerezani; lakini Karama hupata haki mbele ya mshtaki wake, katika baraza lenye uwezo wa kumwangamiza. Kila neno lake lina bei.

Kinachoiokoa Walenisi ni marejeo. Dzombo hakai katika raha aliyoipata. Hurudi kwa waliofungwa. Waliovuka kwenda Shimoni nao wengi walirudi, na nyumba walizoziacha hazikuwa zimegeuka pepo. Hapo ndipo mtihani wa uhuru ulipo, na hapo ndipo riwaya ilipostahili kurefushwa.