Panda Mnara wa Köln, Usingoje!

Ukipata nafasi ya kuja kusoma Ujerumani, iwe Bonn, iwe Aachen, iwe hapa hapa Köln nilipo mimi, nenda ukapande mnara wa kusini wa Kanisa Kuu kabla hujamaliza hata kupanga nguo kabatini. Nimeshuka leo mchana. Mapaja bado yanatetemeka, na ningeambiwa nirudi sasa hivi ningerudi!

Wazazi wetu walilijua jina la Köln kupitia redio, maana Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilitangaza kutoka mji huu mpaka ilipohamia Bonn mwaka 2003. Lakini redio haiwezi kukuandaa kwa jengo hili. Ukitoka tu kituo kikuu cha treni linakuzibia mbingu: minara miwili yenye urefu wa mita 157 hivi, mawe yaliyopigwa weusi na moshi na mvua. Lilipokamilika mwaka 1880 ndilo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani.

Ngazi ni 533, na lifti ya wageni hakuna. Zinajisokota kama kome, nyembamba, na wanaopanda na wanaoshuka wanapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo unajibana ukutani, unasalimiana na watu wa lugha zote, unaendelea. Katikati ya mawe yale ndipo nilipoielewa hadithi ya kanisa hili. Msingi uliwekwa mwaka 1248. Karne ya 16 kazi ikasimama, mnara huu huu ukabaki kigutu, na winchi ya mbao ikakaa juu yake zaidi ya miaka 300 hadi ilipoondolewa mwaka 1868. Hebu fikiria vizazi vingapi vilizaliwa na kuzikwa vikiitazama winchi isiyonyanyua kitu! Winchi ikiwa bado juu, mwaka 1814 nusu ya mchoro wa kale wa mbele ya kanisa ikapatikana Darmstadt, nusu ya pili ikapatikana Paris miaka miwili baadaye, na ujenzi ulipoanza tena mwaka 1842 mafundi waliufuata mchoro uleule wa Zama za Kati. Mnara unaoupanda ulibuniwa na watu waliojua fika kwamba hawatauona.

Halafu kengele. Jamani, kengele! Wengi wanapita mbio kwenda kutazama mto Rhine. Mimi nasema hapa ndipo penyewe. Kengele ya Mtakatifu Petro ilimiminwa mwaka 1923, ina tani 24 na upana wa zaidi ya mita tatu, na wenyeji wanaiita kwa mapenzi Petro Mnene. Tarehe 6 Januari 2011, sikukuu ya Mamajusi, ulimi wake ulikatika ukaanguka. Na masalia yanayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi hao yamehifadhiwa chini, ndani ya sanduku la dhahabu nyuma ya altare! Nilisimama mbele ya shaba ile mpaka walionifuata wakaanza kuniomba nafasi.

Kipande cha mwisho ni ngazi za chuma, upepo unakupiga, unatokea takriban mita 97 juu ya ardhi. Wavu wa usalama unasumbua wapiga picha, ila macho hayasumbuki: Rhine unang'aa, treni zinavuka daraja la Hohenzollern zikiingia kituoni chini ya miguu yako, na anga likiwa safi, kusini vinaonekana vilima vya Siebengebirge. Tazama sana upande huo. Kimojawapo ni Drachenfels, na kutoka pale mawe ya sehemu ya kanisa hili iliyojengwa Zama za Kati yalichimbwa na kuletwa kwa mto.

Vaa raba, beba maji, begi kubwa liache bwenini. Na Petro Mnene hupigwa hasa sikukuu kubwa, Pasaka ikiwemo. Siku hiyo mimi nitakuwa uwanjani mbele ya kanisa mapema, na wenzangu wote wa bweni nawaburuta!