Wino wa Nyangwe Chini ya Mwanga Mpya

Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa huko Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, kwa wino wa mmea. Wino huo ulififia hata usisomeke. Wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki waliipiga picha kwa mianga mbalimbali, hata isiyoonekana kwa macho, wakaitoa kwenye intaneti mwaka 2011.

Kuona habari za soko la Nyangwe zikikatiza habari za London kunachekesha. Kicheko hukoma msomaji afikapo tarehe 15 Julai, siku watu wa Tagamoyo walipowafyatulia risasi wanasoko, wengi wao wanawake. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Sifa kubwa ya toleo hili ni ulinganishi. Kitabu alichokihariri Horace Waller mwaka 1874 kilitokana na daftari ambamo Livingstone alikwisha kubadili maneno yake. Sasa maneno ya kwanza yanasomeka.

Hata hivyo, mwanga hufufua kilichoandikwa tu. Livingstone alihifadhi neno «chitoka», yaani soko, lakini wanawake waliouawa humo hawana majina wala sauti. Pengo hilo halizibwi na kamera. Linawangoja wanaisimu watakaokwenda Kasongo na Kabambare kuwasikiliza wazee, kwa lugha zao.