Gundi ya Mgunga na Mkono wa Joy Adamson

Ukiulizia rangi ya maji kwenye maduka ya Custom hapa Juba, utajibiwa kwa swali: "Kopo la lita nne au ndoo ya ishirini, dada?" Hiyo ni ya ukuta. Ya mchoraji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, na mgunga wenyewe unaota humu humu nchini.

Kwa rangi ya namna hiyo Joy Adamson, aliyezaliwa Troppau (leo Opava, Ucheki) mwaka 1910, alichora maua ya Kenya miaka mingi kabla ya simba Elsa kumpa umaarufu. Mume wake wa pili, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyemtia moyo. Mwaka 1947 maua hayo yalimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell huko Uingereza.

Ugumu uko kwenye weupe. Katika kazi hii weupe ni karatasi yenyewe, iliyoachwa bila kuguswa. Petali jeupe huchorwa kwa kupaka kivuli chake: kwanza chepesi kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai, kikikauka ndipo kizito kidogo juu yake. Ukikosea, hakuna cha kufichia. Na ua halikungoji. Nilijaribu yungiyungi la mtoni barazani kwangu, mwezi Machi. Rangi ilikauka kabla sijaisambaza, ikaacha michirizi kama chumvi kwenye shati la mbeba mizigo. Dawa ni kulowesha karatasi kwa nyuma na kutia tone la asali kwenye rangi ili isikauke haraka. Sisimizi nao wakapata habari.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwajiri Adamson achore watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Nyingi ya picha hizo zimo katika kitabu chake *The Peoples of Kenya* cha 1967. Alihamia kwa watu na mkono ule ule wa maua. Nyuma ya mtu hamna nyumba wala mti, kama mmea uliolazwa karatasini ili utambuliwe. Shanga za Waturkana, majirani wa Watoposa wetu wa Kapoeta, unaweza kuzifuata mzunguko kwa mzunguko. Ushanga hauviringwi na rangi. Huviringwa na kitone cha karatasi kilichoachwa kikavu, na kwa hilo alikuwa fundi. Nyuso ndizo zinazonisumbua. Nyingi zimetulia mno, macho kama ya mtu anayesubiri aambiwe anaweza kwenda.